Joto la breki huishia wapi? Kusimamisha mota ya fezi tatu bila kuiunguza

Msumeno wa mkanda ukizimwa, sauti ya mota hufa papo hapo, lakini magurudumu mawili ya chuma yanaendelea kuzunguka dakika nzima, pengine zaidi. Mkanda wa meno unapita mezani kimyakimya, bado una kasi ya kutosha kukata kidole. Hapo ndipo mtu hunyoosha mkono kufagia vumbi. Wengine huchukua kipande cha ubao na kuugandamiza mkanda ubavuni ili usimame upesi, jambo linalopinda mkanda na kuweka vidole jirani kabisa na meno. Ndiyo maana kanuni za usalama wa mashine za mbao Uingereza na viwango vya Ulaya hulenga zana isimame ndani ya sekunde 10 baada ya kuzimwa.

Kwa hiyo breki inahitajika, na fundi yeyote mwenye kontakta mbili (swichi zinazofungwa kwa sumaku ya umeme) na taima anaweza kuifunga kwa siku moja. Taabu huanza baadaye. Wiki ya kwanza mashine inasimama vizuri, watu wanafurahi. Baada ya miezi michache mota inanuka vanishi inayokinga nyaya zake, kisha inapelekwa kusukwa nyaya upya, na lawama anabebeshwa aliyeisuka mara ya mwisho.

Chanzo ni kimoja. Kila kinachozunguka kimebeba nishati, na kusimama maana yake ni kwamba nishati hiyo imehamia kwingine. Kwenye gari inaishia kwenye diski na pedi. Kwenye mota ya umeme kuna sehemu nne za kuishia: rota (sehemu inayozunguka), nyaya za stata (sehemu ya nje isiyozunguka), rezista iliyofungwa nje, au bitana (tabaka la msuguano) ya breki ya kimakanika. Kuchagua aina ya breki ni kuchagua joto liangukie wapi.

Kwanza ijue nishati yenyewe

Chukua msumeno wenye magurudumu ya milimita 700, mota ya kilowati 4, volti 400, mizunguko 1,450 kwa dakika. Kila gurudumu lina kilo 40, na yanazunguka mara 660 kwa dakika kwa kuwa puli zimepunguza mwendo mara 2.2. Kinachotafutwa ni inesha, yaani kipimo cha jinsi kitu kinachozunguka kinavyokataa kubadili mwendo wake. Kwa gurudumu ambalo uzito wake mwingi uko ukingoni, zidisha kilo kwa mraba wa nusu kipenyo kwa mita, kisha kwa 0.75 hivi: 40 × 0.35 × 0.35 × 0.75, jibu ni karibu 3.7. Mawili ni 7.4. Lakini mota inayahisi kupitia puli, kwa hiyo gawanya kwa mraba wa 2.2, unapata 1.5. Ongeza rota na puli yenyewe, weka 1.55.

Nishati ni nusu ya inesha mara mraba wa mwendo. Mizunguko 1,450 kwa dakika ni rediani 152 kwa sekunde, hivyo jibu linakuja kilojouli 18. Si nyingi. Zingeweza kupandisha joto la kikombe cha maji kwa nyuzi 17 tu. Hatari inatokana na mambo mawili: zinaangukia wapi ndani ya mota, na mara ngapi kwa saa.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulisahau. Mota ya kawaida ikiwashwa moja kwa moja kwenye laini ya umeme, rota yake hupokea joto sawa na nishati yote iliyopewa mzigo. Kuwasha kwa nyota-delta (star-delta), yaani kuanza kwa volti pungufu, kunapunguza ampea na kurefusha muda, lakini joto hilo la rota halipungui. Maana yake hata kabla hujafikiria breki, kila kuwasha kumekwisha kuweka kilojouli 18 ndani ya rota.

Kugeuza fezi mbili

Njia rahisi kuliko zote ni kubadilishana fezi mbili mota ikiwa bado inakimbia. Uga wa sumaku unageuka na kuvuta upande wa pili, rota inasimama kwa kishindo. Ni rahisi kufunga, na ndiyo inayounguza mota nyingi zaidi.

Uga unapogeuka, tofauti kati ya mwendo wake na mwendo wa rota inakuwa karibu mara mbili ya ile ya kuwasha kutoka kimya. Joto la rota hufuata mraba wa tofauti hiyo. Ukipiga hesabu kuanzia hapo hadi rota inaposimama, unapata mara tatu ya nishati ya mzigo: kilojouli 54 kwa msumeno wetu. Sehemu moja imetoka kwenye magurudumu, sehemu mbili zimevutwa kutoka kwenye laini ya umeme ili tu kuipasha rota moto. Alumini inahitaji takriban jouli 900 kupandisha kilo moja kwa nyuzi 1. Ikiwa mapingili (fito) ya alumini ndani ya rota yana kilo moja, kusimama mara moja kunayapandisha nyuzi 60 kabla joto halijasambaa kwenye chuma kilicho jirani. Alumini inatanuka, chuma kinachelewa kuifuata, na baada ya kurudiarudia pingili hupasuka pale linapoungana na pete ya mwisho. Mota yenye pingili lililopasuka hupoteza nguvu na kunguruma ikiwa na mzigo, na fundi anaweza kuisuka upya stata mara mbili bila kugundua kwamba ugonjwa uko kwenye rota.

Sasa weka mara 10 kwa saa. Kuwasha na kusimamisha kwa kugeuza fezi ni kilojouli 18 na 54, jumla 72 kila mzunguko wa kazi, yaani 720 kwa saa, sawa na wati 200 mfululizo ndani ya rota. Mota hii ikibeba mzigo wake wote siku nzima, rota hupoteza takriban wati 140. Umeivusha kiwango chake hata kabla haijapasua ubao.

Ampea nazo hupanda hadi kuzidi zile za kuwashia, ambazo kwa kawaida ni mara 5 hadi 7 ya zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Na pasipokuwa na swichi ya kuhisi mwendo sifuri, mota haitasimama: itaendelea moja kwa moja kuzunguka kinyume. Taima haitoshi kwa kazi hiyo, kwa sababu muda wa kusimama hubadilika mkanda ukiwa umekaza au umelegea. Kwa misumeno ya diski kuna hatari ya ziada. Nati inayoshika diski imekatwa hesi upande ambao mzunguko wa kazi unaikaza. Breki kali inaivuta upande wa kuifungua.

Njia hii ina mahali pake kwenye mzigo mwepesi unaosimama mara chache. Kwa mashine yenye magurudumu mazito, iache.

Umeme wa DC kwenye stata

Njia ya pili ni kukata fezi zote tatu, kisha kuingiza umeme wa DC (usiogeuka mwelekeo) kwenye ncha mbili za mota, tuseme U na V. Uga wa sumaku unasimama tuli badala ya kuzunguka, na rota inayokatiza uga huo inajiundia mkondo unaoizuia. Joto la rota hapa ni nishati ya mzigo mara moja tu, kilojouli 18, theluthi ya ile ya kugeuza fezi. Rota ikisimama, breki nayo inaisha nguvu yenyewe, kwa hiyo haiwezi kugeuka kinyume.

Ugumu uko kwenye kuchagua ampea. DC haikutani na kizuizi cha uga ndani ya mota, inakutana na waya wa shaba peke yake. Pima ukinzani kati ya U na V. Multimita ya kawaida haiaminiki kwenye namba ndogo hivi, kwa hiyo pitisha ampea 2 kutoka kwenye betri kupitia rezista, pima volti kwenye ncha za mota, kisha gawanya. Tuseme umepata omu 2.4. Mota hii hutumia takriban ampea 8 kwenye mzigo kamili. Kwa breki unalenga kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya hizo, yaani ampea 12 hadi 16. Ampea 16 mara omu 2.4 ni volti 38 tu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanachukua dayodi moja (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), wanaiunganisha kati ya fezi na nyutro, wanasema imekuwa DC. Nusu wimbi la volti 230 lina wastani wa volti 103. Gawanya kwa 2.4, unapata ampea 43, na joto kwenye koili ni zaidi ya kilowati 4. Mota inasimama kwa sekunde chache na kila mtu anasifu breki, huku vanishi ikichemka. Njia sahihi ni transfoma. Rektifaya ya daraja, yaani dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC, hutoa wastani wa 0.9 ya volti za AC zinazoingia, na dayodi zenyewe hula volti kama 2, kwa hiyo kwa volti 38 za DC unahitaji transfoma ya takriban volti 44 upande wa pili.

Mpangilio wa kuwaka ndio uhai wa saketi hii. Kontakta kuu inakatika. Taima inasubiri kati ya nusu sekunde na sekunde moja, na zaidi kwa mota kubwa, kwa sababu rota bado ina uga uliobaki na mota inazalisha volti kwenye ncha zake. Ukiingiza DC wakati huo, volti hizo zinarudi kwenye rektifaya na kupasua dayodi. Baada ya kusubiri, kontakta ya breki inafunga. Taima ya pili inaikata baada ya muda wa kusimama pamoja na sekunde 1 au 2. Kontakta hizo mbili lazima zizuiane kwa umeme na kwa kifungio cha kimakanika pia, maana zikishikana pamoja, volti 400 zinaingia moja kwa moja kwenye rektifaya.

Taima ya pili ndiyo inayosahaulika au kuharibika. Ampea 16 kwenye omu 2.4 ni wati 614 kwenye koili, wakati mota hiyo ikifanya kazi kwa mzigo kamili shaba ya stata hupoteza takriban 240. Kwa sekunde 10 hakuna shida. Lakini rota imesimama, feni iliyo nyuma yake imesimama nayo, na hakuna hewa inayopita juu ya mapezi. DC ikibaki imewaka wakati wa chakula cha mchana, mtakuta mota imekwisha.

Fundi akiona mota inapata moto, hupunguza ampea ili isimame polepole akitumaini itapoa. Mara nyingi haisaidii. Nguvu ya breki ya DC hufuata takriban mraba wa ampea, na joto la shaba nalo hufuata mraba uleule. Ukipunguza nguvu nusu, muda unakuwa mara mbili, na jumla ya joto inabaki karibu palepale. Kupandisha ampea kupita kiasi ndiko kunakoongeza joto, kwa sababu chuma cha stata kikishajaa sumaku, ampea za ziada hazileti nguvu ya maana. Kinachopunguza joto kweli ni kupunguza idadi ya kusimama kwa saa, kupunguza uzito unaozunguka, au kulitoa joto nje ya mota.

DC haishiki kitu kilichosimama. Haifai kwa winchi wala lifti. Na umeme wa laini ukikatika, breki hii imekatika pia.

Inveta na rezista ya nje

Kulitoa joto nje ndiyo kazi ya inveta, kifaa kinacholisha mota kwa masafa yanayobadilishwa. Inapunguza masafa taratibu, mota inageuka kuwa jenereta, na nishati ya magurudumu inarudi kwenye kapasita za ndani ya inveta. Rota hukaa karibu na mwendo wa uga wakati wote, kwa hiyo hupata joto dogo sana wakati wa kusimama, na hata wakati wa kuwasha. Kwa mashine inayosimama mara nyingi, hii ndiyo njia ya kupendekeza.

Kapasita haziwezi kuimeza nishati hiyo. Inveta ya volti 400 hukaa na takriban volti 565 za DC ndani, na hujizima ikifika kama 800. Kapasita za maikrofaradi 500 zikipanda kutoka 565 hadi 800 zimehifadhi jouli 80. Magurudumu yanaleta 18,000. Ndiyo sababu inveta isiyo na rezista huonyesha hitilafu ya volti kuzidi kila unapoiamuru isimame haraka, kisha inaachia mota izunguke huru, yaani inakunyima breki wakati uleule uliyoihitaji.

Rezista huchaguliwa kwa namba mbili. Kusimama kwa sekunde 10 kunahitaji nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 23.6 (1.55 × 152 ÷ 10), na mwanzoni, mwendo ukiwa juu, hiyo ni kilowati 3.6. Ikiwa swichi ya ndani ya inveta inayolisha rezista (transista ya breki) huwaka kwenye volti 750, basi 750 mara 750 gawanya kwa 3,600 ni omu 156. Chukua 150. Usishuke chini ya omu za mwisho zilizoandikwa kwenye kitabu cha inveta, kwani chini ya hapo transista ya breki inapasuka. Namba ya pili ni wati. Wastani wa saa nzima ni mdogo, kilojouli 18 kila dakika 6 ni wati 50 tu, lakini ndani ya zile sekunde 10 rezista inabeba wastani wa wati 1,800. Rezista ya waya ya wati 400 au 500 inatosha ikiwa jedwali la mtengenezaji linaonyesha inastahimili mara tano au zaidi kwa sekunde 10.

Kwenye programu ya inveta kuna kipengele kinachorefusha muda wa kusimama chenyewe volti zikipanda. Kikiwa kimewashwa, rezista haifanyi kazi ipasavyo na msumeno unasimama kwa sekunde 40 badala ya 10. Kizime baada ya kufunga rezista.

Rezista hufikia mamia ya nyuzi joto, na karakana ya mbao imejaa unga wa mbao. Ifunge juu ya bati, mbali na ukuta wa mbao, ndani ya kizimba chenye matundu, na ipulizwe vumbi kila wiki. Iwe na swichi yake ya joto, na swichi hiyo ikate kontakta kuu inayolisha inveta. Kuiunganisha kwenye kitufe cha kusimamisha inveta hakutoshi: transista ya breki ikishikana, rezista inabaki imewaka mfululizo na inveta haina uwezo wa kuizima.

Breki ya springi

Kwa mzigo unaoning'inia hakuna mjadala: springi inafunga, sumaku inafungua, umeme ukikatika springi inashika. Joto huenda kwenye bitana. Hata kwenye msumeno ina faida moja ambayo breki za umeme hazina, ikiwa imefungwa kwenye gurudumu lenyewe: mkanda wa puli ukikatika, bado gurudumu linasimama. Breki yoyote iliyo upande wa mota haina msaada hapo.

Inaunguza mota kwa njia nyingine, ambayo ni kutofunguka. Koili yake hulishwa DC kupitia rektifaya ndogo iliyo kwenye kisanduku cha mota. Rektifaya ikifa, mota inaendeshwa ikiwa imeshikwa. Pengo la hewa nalo huongezeka kadiri bitana inavyolika. Likiwa jipya ni sehemu chache za kumi za milimita, na likipita kipimo cha mtengenezaji sumaku inashindwa kuvuta. Lipime kwa fila geji (vibapa vya kupimia pengo) sehemu tatu za duara. Mota yenye breki ikiwekewa inveta, koili ilishwe moja kwa moja kutoka laini, isichukue umeme wa upande wa kutoka wa inveta, ambao volti zake ni ndogo mwendo ukiwa mdogo.

Ovalodi haioni kila kitu

Ovalodi ya bimetali, kinga inayokata mota ampea zikizidi, hupasha vibati vyake kwa ampea zinazopita ndani yake. DC ikiingizwa baada ya ovalodi, haijui kama kuna breki. Hata ikipitiwa, yenyewe hupoa upesi kuliko mota, kwa hiyo kwa mashine inayowaka na kusimama kila mara huwa imeshasahau joto ambalo koili bado inalo. Waambie wanaosuka mota waweke termista (vihisi joto) tatu ndani ya koili, moja kila fezi, zikiwa zimeunganishwa mfululizo hadi kwenye rilei yake. Zikiwa baridi, kila moja ina omu mia moja au chini. Karibu na joto lililowekwa hupanda ghafla hadi maelfu. Usizipime kwa mega, kipima insulesheni chenye volti nyingi. Termista hizo haziioni rota, na kwa hiyo kikomo cha kusimama kwa saa lazima kitokane na hesabu.

Jaribio la mwisho ni shaba yenyewe. Pima ukinzani wa koili asubuhi mota ikiwa baridi, na uandike joto la chumba. Fanya kazi ya kawaida saa mbili, pamoja na kusimama kwake kote, zima, funga swichi kuu kwa kufuli, pima tena haraka kabla haijapoa. Gawanya kipimo cha moto kwa cha baridi, zidisha kwa joto la baridi likiongezwa 234.5, kisha toa 234.5. Omu 2.40 kwa nyuzi 30 zikiwa 3.04 baada ya kazi: 3.04 ÷ 2.40 × 264.5 − 234.5, nyuzi 100. Huo ni wastani. Ndani ya koili kuna sehemu zilizozidi hapo kwa nyuzi kama 10. Mota yenye insulesheni ya daraja F ina kikomo cha 155, daraja B 130. Kumbuka pia kwamba kibati kimehesabiwa kwa hewa ya nyuzi 40, na chini ya bati la karakana ya Dar es Salaam saa nane mchana hewa inaweza kuwa imekwisha kufika hapo. Kwa hiyo jaribio hili lifanyike mchana wa Februari, siyo asubuhi ya Julai.